Picha Zilizofika Bila Wenyewe

Mambo yalianza na picha ya kifua iliyofika bila mwenyewe.

Fundi wa mitambo wa hospitali ile, mwanamke aliyezoea kutaniana na kompyuta zake, hakushtuka. Kazi yake ilikuwa kusimamia programu inayopokea faili za picha kutoka mashine ya eksirei na kuzifikisha kwa madaktari. Kila faili husafiri na maelezo yake: jina la mgonjwa, saa aliyopigwa, mashine iliyotuma. Bila hayo, picha ni mifupa tu.

"Nilisahau kukwambia uyatunze, mvivu wewe," aliiambia programu, akarekebisha.

Faili ya majaribio ilipita salama. Za wagonjwa zikafika uchi vilevile, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

Mchana mpiga picha wa eksirei aliingia, akafunga mlango kwa mgongo.

"Dada, yule mzee wa picha ya kifua ya asubuhi... mkewe amekataa kuondoka naye."

"Wamegombana?"

"Anasema hamjui. Na mzee mwenyewe nimemuuliza jina, kafungua mdomo, kabaki hivyo hivyo."

Fundi akatega sikio. Ndani ya kabati la mitambo, nyuma ya mngurumo wa feni, kitu kilikuwa kikisoma majina, silabi kwa silabi, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

Fundi akaizima programu. Picha zikaendelea kupita. Akang'oa nyaya, moja baada ya nyingine, na bado kwenye kioo cha kompyuta zikapita mbavu, magoti na mafuvu ya watu, na kila picha iliyopita ikaacha sauti mpya ikinong'ona kabatini.

Muuguzi mkuu alimwingiza mtabibu wa majini kwa mlango wa nyuma. Mtabibu aliweka kiganja juu ya kabati, jasho likamtiririka.

"Hili si la nyumba," alinong'ona. "Ni la njiani. Hukaa pale kitu kinapotoka mkono huu kwenda ule, likakivua."

"Litoe basi, baba."

"Mpaka lijitaje."

Akaliuliza jina. Likajibu kwa sauti ya mzee wa kifua, likataja jina la mzee. Akauliza tena, likajibu kwa sauti ya msichana aliyevunjika mkono; akauliza tena na tena, kwa ukali, kisha kwa kubembeleza, nalo likataja mtu baada ya mtu, bila pupa, mpaka mtabibu akaanza kukusanya vitu vyake.

"Mwenye jina lake ningemfukuza," alisema bila kumtazama yeyote. "Huyu kavaa majina ya watu. Nikiyafukuza, hao wenyewe watarudi na nini?"

Mtabibu hakuwa amefika mlangoni fundi alipoona nyonga ikipita kwenye kioo, nyonga yenye chuma kilichopinda kidogo. Chuma kile alikijua. Alilala sakafuni wodini siku mama yake alipowekewa.

Alikimbia. Kwenye benchi nje ya chumba cha picha alimkuta mdogo wake wa kiume, na pembeni yake bibi mmoja akijishika kiuno.

"Mama ameanguka?"

"Nilimleta mama," mdogo wake alisema, macho yamemtoka. "Naapa nilimleta. Sasa huyu bibi ni nani, dada?"

Fundi alimtazama yule bibi. Akili ilimwambia ndiye. Chuma kilimwambia ndiye. Lakini alipoutafuta moyoni ule uchungu wa mtu na mamaye akakuta patupu, kama chumba kilichohamwa, na bibi wa watu alikuwa ameshanyoosha mikono, analia, hajui anamlilia nani.

"Nitamchukua," alisema, akaishika mikono yake. "Hata kama simjui."

Hapo, kutoka mwisho wa korido, kupitia mlango aliouacha wazi, sauti ikamwita kwa jina la utani la utotoni ambalo mtu mmoja tu duniani alilitumia. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Mikono ya bibi ikamponyoka.

"Abee, mama," aliitika, akaanza kutembea kuelekea kabatini.

Mdogo wake akamfuata.