Majina Saba ya Khitma

Wageni wa khitma walikuwa ishirini na vikombe vya kahawa vilivyotolewa vilikuwa ishirini. Mzee Taib Shekue alivihesabu mwenyewe, kwani karani aliyestaafu baada ya miaka thelathini na miwili hamwachii mtu mwingine kazi kama hiyo. Basi ilikuwaje, alasiri ile ya Ijumaa tarehe 14 Machi 1997, wageni walipokwisha kuondoka, vikombe saba vilivyofungiwa kabatini vikutwe na mashapo ya kahawa, na ukingoni alama za vidole vya tope jeusi?

"Ni uchafu wako," alimwambia mkewe. "Mtu hutolewa Kaloleni, lakini Kaloleni haimtoki."

Mkewe alizaliwa akiitwa Nyevu. Taib alimpa jina la Zuhura siku ya ndoa, Jumapili tarehe 6 Agosti 1961, kwa kuwa jina la kwao lilimkera masikio, na tangu hapo hakuna aliyelitamka katika nyumba ile ya mawe ya Mji wa Kale.

Khitma yenyewe ilikuwa ya babu yake, Mwinyi Shekue, aliyekuwa karani wa Serikali ya Mwingereza. Sandukuni mwa babu Taib alikuta karatasi ya mwaka 1917, yenye majina saba kwa hati nzuri: Juma bin Faraji, Mabruki bin Hamisi, na wenzao. Akakata shauri kwamba hao ndio wahenga wa ukoo, wanavyuoni watupu. Akawatia katika kitabu cha nasaba alichokuwa akikitunga, na mbele ya wageni akawaita mmoja mmoja wasomewe Fatiha.

"Bwana," Nyevu alimwambia alipoiona karatasi, "kila jina lina alama ya dole gumba. Ni wanavyuoni gani hao wasiojua kutia saini?"

"Nyamaa! Wewe na karatasi wapi na wapi?"

Ijumaa iliyofuata, aliporudi kutoka msikitini, alikuta juu ya mto wake kata, ile pete ya majani wanayoweka wapagazi kichwani chini ya mzigo. Ilikuwa mbichi na ilinuka kinamasi. Aliitupa dirishani huku akiwatukana majirani. Alipoketi kula, alisikia nyayo zikipanda ngazi polepole, nyayo pekupeku za mtu aliyeelemewa, zikafika nyuma ya kiti chake, zikasimama. Kisha kitu kikatua juu ya kichwa chake, kitu kizito chenye baridi ya turubai lililoloa, na alipopeleka mkono hapakuwa na kitu ila kofia yake, wala uzito ule haukuondoka, si siku ile wala siku zilizofuata. Ijumaa ya pili ikaja kata ya pili, na ya tatu ikaja ya tatu. Kufikia tarehe 25 Aprili zilikuwa sita, na Mzee Taib, ambaye maishani hakupata kubeba hata kikapu cha sokoni, alikuwa akitembea uso umeelekea chini kama anayetafuta sindano.

Nyevu akamleta kaka yake, Kenga, mparuza magamba ya samaki wa Liwatoni ambaye pia ni mganga.

"Nimesomeshwa na Waingereza," alisema Taib, "nije nipungwe na mtu wa magamba?"

"Haya, shemeji, nitukane tu, mradi unisikilize." Kenga alitia uvumba katika chetezo, akaiangalia karatasi kwa muda mrefu. "Hawa hawakutumwa na mchawi. Umewaita wewe. Hii si nasaba, ni orodha ya wapagazi wa vita vya Mjarumani. Babu yako aliwaambia mzigo unafika Voi, kisha watarudi. Majina yao ya Kigiriama yalimchosha kuyaandika, akawabandika ya kwake. Wakafia vinamasi vya Rufiji. Huyu Mabruki ni Ngala wa Mung'aro, babu wa mama yetu. Alipoondoka aliacha nyumbani jina alilobandikwa, ndilo kaburi pekee tulilo nalo."

"Wanataka nini?" aliuliza Nyevu kwa kunong'ona.

"Yasemwe haya mbele ya watu wale wale. Kwamba ni wapagazi, na Mwinyi Shekue aliwahadaa. Wamekwisha kutua sita, shemeji. Kata ya saba shingo hiyo haiibebi."

Shingo ilimlazimisha kukubali. Ijumaa tarehe 2 Mei wageni walikuja tena, makarani wenzake na wazee wa msikitini. Taib alisimama na karatasi. Akawatazama kwa chini ya nyusi: hawa, wana wa wachuuzi, ndio wamcheke mjukuu wa Mwinyi Shekue?

"Wahenga wangu," alisoma kwa sauti kuu, "wanavyuoni saba..."

Kila mtu alisikia kishindo cha mzigo ukitua. Vikombe viliruka siniani, na Taib akaanguka magotini.

Hapo Nyevu akatoka nyuma ya pazia, mbele ya wanaume, buibui likiburuta. "Ngala wa Mung'aro, babu wa mama yangu! Njoo twende kwetu. Ni mimi, Nyevu."

Mlango ulifunguka wenyewe. Harufu ya kinamasi ikampita kila mmoja, ikatoka pamoja na Nyevu, naye hakurudi tena katika nyumba ile.

Mzigo mmoja ulipungua, na Taib aliweza kuinuka. Aliwacheka kwa dharau wageni waliokuwa wakikimbilia ngazi. Sita angeweza kuwabeba, alijiambia, ili mradi nasaba yake ibaki safi.

Ijumaa tarehe 9 Mei alikula peke yake. Nyayo zilipanda zote kwa pamoja, zikajipanga nyuma ya kiti chake. Kisha ikasikika sauti ya mtu aliyesoma, sauti kavu ya karani, ikiita orodha. Juma bin Faraji aliitika. Jina la pili halikuitikiwa, kwani mwenyewe alikwisha kwenda zake.

"Mabruki bin Hamisi," ikarudia sauti ya babu yake, kwa kuchoka.

Mzee Taib alikaza meno. Mkono wake ukajinyanyua, ukaokota kata mbichi mezani, ukaiweka kichwani, na kinywa chake kikafunguka.

"Labeka, Bwana."