Kaka Yangu Alimfungia Mama Maneno Siku ya Mazishi

Jeneza liko sebuleni, padri ameshatuma mtu kutuharakisha, na mimi nimemkaba kaka yangu shati mbele ya waombolezaji.

"Umemfanya nini Mama?"

Jamani, msinihukumu kwanza. Kaeni niwasimulie.

Kwetu Addis Ababa mtu hazikwi kimyakimya. Kanisani husomwa habari za maisha yake. Mama alipougua aliniambia, "Tsigereda, sitaki kutungiwa uongo. Andika ninavyosema." Nikaandika kwenye kompyuta ya nyumbani, kwa programu ya majaribio. Miezi miwili bure, ukitaka zaidi ulipie. Hata mwezi ulikuwa haujaisha.

Asubuhi ile nafungua nichapishe... "Muda wa majaribio umekwisha."

Faili halisomeki, halichapiki. Nikakimbia na flashi hadi duka la kuchapisha. Mwenye duka akahangaika, akakata tamaa. "Dada, hili linafunguka na programu yake tu."

Sasa nani aliigusa kompyuta mara ya mwisho? Kaka Wondwosen, aliyetua juzi kutoka Denver baada ya miaka saba na ushee. Na jana alikuwa ananung'unika kwamba msomaji awe yeye, mtoto wa kiume. Ningewaza nini kingine?

"Sijafuta kitu, Tsige. Niache."

"Ila uliigusa."

"Nilitaka watu wa Denver waone mazishi kwa intaneti. Ikagoma. Tarehe ilikuwa nyuma miaka kibao, nikairekebisha. Basi."

Nikamwachia shati.

Ile tarehe haikuwa mbovu, ilikuwa yetu! Kalenda ya Habesha, yetu sisi Waethiopia, iko nyuma ya ile ya wazungu kwa miaka saba na kitu, na Mama ndiye aliyenilazimisha kuiweka: "Mashine ikikaa nyumba hii, ihesabu miaka ya nyumba hii." Kaka alipoisogeza mbele, programu ikaamini miaka yote ile imepita.

Shangazi Askale akachungulia, shela ya msiba begani. "Mama yenu anaondoka. Mtamsindikiza kwa ngumi?"

Nikairudisha tarehe. Nikazima, nikawasha. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka... nje wanawake wanalia, wabebaji wanaingia.

Ikafunguka.

Nilitaka kucheka, nikalia. Kaka yeye alikuwa amekodolea macho pembe ya kioo cha kompyuta, palipoandikwa tarehe.

"2017," akasema. "Huu ndio mwaka nilioondoka."

Kweli. Kwa kalenda ya wazungu aliondoka 2017. Kwa kalenda ya Mama, 2017 ni sasa.

"Mama alikuwa anajua," nikamwambia. "Majirani wakimuuliza mbona mwanao haji, anawajibu: 'Kwa hesabu zangu ndio kwanza ameondoka. Hajachelewa.'"

Jitu zima likakaa sakafuni, likalia kwa kwikwi. Karatasi zilipotoka nikampa yeye. Kanisani alisoma vibaya, anakwama kila mstari, na hakuna aliyemharakisha.

Ndugu zangu, andiko la thamani usiliweke kwenye programu ya kuazima bila kulichapisha mapema. Na kabla hujamkaba ndugu yako shati, muulize amegusa nini.

Na wewe uliye mbali, usidhani mama yako hahesabu. Wangu alihesabu kila siku. Alichagua tu kalenda ya kumtetea mwanawe.