Mti wa Namba Uliosuguliwa kwa Sabuni

Haya mjukuu wangu msomaji, nakutegea kitendawili. Ana mguu mmoja, anasimama mtoni masika na kiangazi. Hana mdomo, lakini akiwa mahali pake husema kweli. Ukimsogeza kidogo tu, anakuwa mwongo. Ni nani huyo?

Usikune kichwa. Soma taratibu, utakutana naye.

Mwanangu ni dobi. Anafua mashuka ya gesti, makoti ya zahanati na nguo za majirani. Mto uko nyuma ya nyumba yetu. Anafua juu ya mawe mapana, anasuuza mtoni, anaanika kwenye kamba. Mke wake anapiga pasi katika chumba cha chini, kando ya maji.

Mkwe wangu huyo alipojifungua, aliniambia, "Mama, mimi na mtoto tutalala chumba cha pasi. Mkaa unaacha joto zuri. Mtoto hatapigwa na baridi."

Nikaona ni sawa. Mwanangu akachonga kitanda kidogo cha mtoto, wakalala huko.

Mbele ya mawe ya kufulia palikuwa na mti uliosimikwa majini. Ulipakwa rangi nyeupe, ukachorwa mistari myeusi na namba, kutoka chini kwenda juu. Karibu na ncha palikuwa na mstari mwekundu. Kila asubuhi alipita mwanamke mmoja, mpima maji, akasoma namba. Siku nyingine alichota maji kwenye chupa, akaondoka nayo. Mwanangu akambandika jina: Dada Chupa.

"Dada Chupa, maji hayo unampelekea nani?" alimtania. "Kwenu hakuna bomba?"

"Nayapeleka maabara," alijibu. "Nina mgonjwa, nataka ajulikane ana nini."

"Mgonjwa yupi?"

"Huyu mto unaoulisha sabuni kila siku!"

Tulicheka sana.

Lakini mti ule ulimkera mwanangu. Akisuuza shuka, mkondo unalivuta, shuka linajiviringisha kwenye mti. Siku moja shuka la gesti likapata doa la kijani kwenye mti, tena likachanika. Alirudi ndani amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Sikumuuliza kitu.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na manyunyu. Dada Chupa alikuja. Akatazama mti. Akatazama mto. Akautazama mti tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunja uso kama nguo iliyokosa pasi?"

"Mama, jana jiwe lile la mwisho lilikuwa nje ya maji. Leo silioni, limezama. Maji yamepanda. Lakini mti unasema yamepungua!"

Akavua viatu, akaingia majini, akaushika mti.

"Umesogezwa," alisema. "Umeletwa huku ukingoni. Tena umesuguliwa! Jana ulikuwa na ukungu wa kijani. Leo unang'aa kama sahani mpya. Nani aliusogeza?"

Mkwe wangu alimtazama mumewe. Mumewe alitazama kamba za nguo.

Mwishowe mkwe wangu alisema, "Lakini dada, mti ni ule ule, na mto ni ule ule. Ukisogezwa kidogo kuna ubaya gani?"

Dada Chupa hakugomba. "Niletee beseni la maji na mwiko," alisema.

Akaliinamisha beseni, maji yakawa mengi upande mmoja na machache upande wa pili. Akausimamisha mwiko penye maji mengi. Ulilowa hadi katikati. Akausogeza penye maji machache. Ulilowa ncha tu.

"Maji yamepungua?" aliuliza.

"Hapana," mkwe wangu alisema. "Umesogeza mwiko." Kisha akashika mdomo. "Ala! Kumbe!"

"Ndiyo hivyo. Namba ya leo tunailinganisha na ya jana, na za masika yaliyopita. Ndipo tunajua mto unapanda au unashuka. Ukifika mstari mwekundu, maji yako tayari kuingia kwenye nyumba za ukingoni. Sisi tunataka watu watoke kabla ya hapo. Mti ukisogezwa, onyo linachelewa."

Sasa, mjukuu wangu, yule wa kitendawili umeshamjua.

"Na chupa je?" niliuliza.

"Mti unasema maji yamefika wapi. Chupa inasema ndani ya maji kuna nini: udongo, sabuni, vijidudu. Ninyi maji ya kunywa mnachota wapi?"

"Hapo chini ya mawe," mkwe wangu alisema. "Ni karibu."

"Chupa ya chini ya mawe ni chafu kuliko ya juu ya mawe. Choteni juu, na bado myachemshe. Kwa macho maji huonekana safi, na vijidudu vimo. Na msifulie ndani ya mto. Chota maji, fulia kwenye beseni, na povu mlimwage kwenye shimo mbali na mto."

Kisha akasema mti lazima urudi mahali pake. Lakini angejuaje ni wapi hasa? Alituonyesha msumari mnene wa chuma uliopigiliwa kwenye nguzo ya daraja la hapo karibu. Urefu wa kila namba ya mti ule ulipimwa kutoka kwenye msumari huo, ambao hausogei. Akasimamisha kifaa chake cha miguu mitatu chenye darubini ndogo.

"Nahitaji mtu wa kushika mti," alisema.

Mwanangu aliingia majini mpaka kifuani.

"Simamisha wima! Usiuegemee, si ukuta huo!"

"Uko wima, dada! Mimi ndiye ninayepinda kwa baridi!"

Mti ulipokaa sawa, sote tulisogea kutazama. Maji yalikuwa kiganja kimoja tu chini ya mstari mwekundu.

Hapo hapo simu ya Dada Chupa ikalia. Alikuwa mpimaji mwenzake wa huko juu, mto unakotokea. Alisikiliza, akaikata.

"Huko juu imenyesha mvua kubwa, mto umefurika. Maji hayo yanakuja, yatatufikia kabla ya kesho asubuhi. Mama, chumba kile cha chini analala nani?"

Mwanangu alitoka majini mbio, akaingia chumbani na nguo zake zinachuruzika, akatoka na mtoto.

Tulihamia kwa fundi cherehani, jirani yetu wa mlimani. "Leteni mtoto, leteni mashuka," alisema, "ila pasi ya mkaa ikae nje, isije ikanichomea gauni la mtu!" Dada Chupa alibisha hodi nyumba zote za ukingoni, matope mpaka kwenye koti lake.

Kulipokucha tulishuka kutazama. Maji yalikuwa yamejaa chumba cha pasi mpaka dirishani. Kitanda cha mtoto kilikuwa kinaelea, kinagonga ukuta, ko, ko, ko. Kitupu. Mkwe wangu alimkumbatia mtoto, akalia. Mimi nilishukuru moyoni, na hadi leo nashukuru.

Maji yalipopungua, tulifanya kama tulivyofundishwa. Tulichimba shimo la povu. Maji ya kunywa tunachota juu, tunachemsha. Mkwe wangu na mtoto wanalala chumba cha juu. Na sasa mashuka yanasuuzwa kwenye pipa lililokatwa, hayaendi tena na mkondo.

Dada Chupa alipokuja kusoma namba, mkwe wangu alimrudishia koti lake la matope, alilokuwa ametuachia. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi.

"Jamani!" alicheka. "Koti linasimama lenyewe!"

"Hatuna cha kukulipa, mwanangu," nilisema. "Pokea ahsante yetu."

Aliinama kusoma mti. Hakuwa ameliuliza tena lile swali. Mwanangu alikohoa. Akamtazama mtoto, aliyekuwa amelala mgongoni mwa mama yake.

"Dada," alisema, "siku ile uliuliza ni nani."

Dada Chupa aligeuka, akangoja.

"Ni mimi niliyeusogeza. Na sabuni ilikuwa yangu."