Chura wa Fancy na Baridi ya Julai

Julai ya Kericho humshika mtu meno yakagongana kabla hajasalimia. Mzee Weldon alikuwa amechuchumaa jikoni akimtazama chura ndani ya beseni. Chura huyo wa majini alikuwa wa mjukuu wake, Fancy, aliyeko shule ya bweni Bomet. Siku ya kuondoka, msichana alimshika babu yake mkono.

"Agui, nikirudi nimkute hai."

Weldon akaahidi. Sasa chura hali, hasogei. Amelala tu chini kama kiazi.

"Anakufa kwa baridi," Weldon alisema.

"Si afe!" mkewe Tecla alijibu. "Watu wazima, washirika wa kanisa, tunalea chura!"

Weldon alikuwa mtu wa boila kiwandani, chai ikikaushwa kwa moto wake, mpaka alipostaafu. Kwake kila taabu dawa yake ni moto. Akashika birika, akamimina maji moto ndani ya beseni, kisha akalisogeza karibu na jiko.

Chura aliruka, akagonga ukingo, akaanguka majini tumbo juu.

"Woi! Nimemchemsha!"

Elmina, jirani anayefundisha sayansi, alikuwa amekuja kuchukua maziwa. Akatumbukiza kidole majini, akakitoa haraka.

"Mzee, hii ni supu?"

"Nilikuwa namtoa baridi!"

"Nani alikwambia anataka joto? Mwili wake unafuata maji. Yakipoa, naye anapoa, anatulia, anakula kidogo. Huo si ugonjwa. Joto la ghafla ndilo linaua. Toa beseni hapo! Leta maji ya mvua, umimine polepole."

Weldon akashika jagi, akageuka huku na huku. Tecla akamnyang'anya, akakimbilia pipa la nje. Wakamimina, wakangoja.

Mguu mmoja ukacheza. Kisha wa pili. Chura akajigeuza, akazama.

"Yesu wangu!" Tecla aliketi sakafuni.

"Na maji ya bomba?" Weldon aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yana dawa. Yaache wazi kwenye ndoo mpaka kesho yake. Usibadilishe yote mara moja, nusu yatosha. Na sabuni isiguse beseni, ngozi yake inakunywa kila kitu. Mpe mnyoo mdogo wa udongo. Akikataa, utoe usioze."

"Na moto?"

"Moto ota wewe, Mzee."

Beseni likahamia stoo, mbali na moshi, likafunikwa wavu. Baridi ikapita.

Agosti Fancy alifika, akadondosha mnyoo majini. Chura akaudaka kwa mikono miwili, akausukumia mdomoni.

Weldon aliruka nyuma. "Anakula kwa mikono! Kama mtu!"

"Agui, kwani wewe ulikuwa unamlisha vipi?"

"Nikiwa nimefumba macho."