Mama na Mstari wa Sita

Kila asubuhi, kabla ya kwenda gatini, Mama alipiga mswaki huku mlango wa bafu ukiwa umerudishwa nusu, na binti yake alikaa mezani akinywa chai na kutega sikio. Kwa kawaida mtu akipiga mswaki hakuna cha kusikiliza. Lakini binti huyu wa miaka kumi na miwili hakuamini kitu mpaka akichunguze. Aliwahi kumshuku muuza maziwa kuwa anaongeza maji, ikawa kweli. Aliwahi pia kumshuku mwalimu wa hesabu kuwa nywele zake ni za bandia, akazivuta kidogo, na siku hiyo akafagia darasa zima peke yake. Ndiyo maana nyumbani na shuleni walimwita Askari Kanzu.

Asubuhi hiyo alisikia tena sauti ile. Baada ya kusukutua, Mama alinong'ona, "T, P, O, F, L, D." Akanyamaza, kisha akarudia, "T, P, O, F, L, D."

"Mama, unaongea na nani?"

"Naongea na meno yangu. Maliza chai, tutachelewa."

Mama alikuwa nahodha wa boti ya abiria iliyovusha watu kwenda ng'ambo, na shule ilikuwa huko ng'ambo. Kazi hiyo hakuipata kwa urahisi. Alianza kama baharia wa kufunga kamba na kuwagawia abiria jaketi za kuokolea. Akajifunza maboya, taa na huduma ya kwanza, akafanya mtihani, akashindwa, akarudia, akapasi. Alikuwa mwanamke pekee pale gatini mwenye leseni ya unahodha. Leseni hiyo, ndani ya plastiki, ilining'inia kando ya usukani, na mwisho wa mwezi ingekwisha muda wake. Ili aongezewe muda, ilibidi kwanza apimwe macho.

Askari Kanzu aliyajua hayo yote, lakini alikuwa bado hajayaunganisha na zile herufi. Alidhani ni neno la siri la simu. Tena siku hizi simu ya Mama ilikuwa na mambo. Ujumbe ukiingia, Mama alimpa yeye asome. "Nisomee, mikono yangu ina unga." Siku nyingine mikono ilikuwa na mafuta, siku nyingine sabuni. Askari Kanzu aliitazama ile mikono na kuiona mikavu kabisa.

Walipofika gatini, nahodha mmoja mzee, aliyeitwa Kipara kwa sababu iliyoonekana wazi, alimvuta Mama pembeni ya mapipa ya mafuta.

"Mstari wa sita umeushika?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nababaika hapo katikati."

"Usibabaike. Sisi wote tumepita hapo."

Walipomwona Askari Kanzu, wakaanza kuzungumzia bei ya dizeli kwa sauti kubwa. Hakudanganyika hata kidogo. Watu wazima wakibadilisha mazungumzo ghafla namna hiyo, pana jambo. Alipanda botini akiwaza magendo, wizi, na polisi wakija nyumbani.

Boti ilikuwa imevuka nusu ya maji baharia alipopiga kelele, "Mtumbwi! Mama, mtumbwi mbele!" Mama aliuzungusha usukani kwa nguvu zote. Abiria wakaangukiana, kapu la nyanya likamwagika. Mtumbwi ulipita ubavuni kwao, ndani yake mzee mmoja na wajukuu zake wawili, mdogo akiwa ameshika kingo kwa mikono yote. Mzee hakutukana. Aliwatazama tu, na hilo lilitisha zaidi.

"Jua lilinipiga machoni," Mama aliwaambia abiria.

Askari Kanzu alitazama juu. Mawingu yalikuwa yametanda tangu alfajiri.

Siku hiyo hiyo muuguzi alifika shuleni kupima macho ya wanafunzi. Alitundika ubao wa herufi ukutani, herufi kubwa juu, ndogo chini. Zamu ya Askari Kanzu ilipofika alisoma bila shida mpaka mstari wa tano. Kwenye wa sita, ulimi uligoma. T, P, O, F, L, D.

"Huoni?" muuguzi akauliza.

"Naona," alijibu. Sasa alijua Mama alikuwa akikariri nini, na kwa nini. Afadhali ingekuwa magendo. Magendo ni dizeli na mabunda ya nguo, lakini hapa palikuwa na mzee na wajukuu wawili ndani ya mtumbwi.

Jioni alinakili ubao ule kwenye karatasi kubwa, akaibandika mlangoni pa sebule. Mama aliporudi, akamwomba asimame kando ya kochi.

"Askari Kanzu, unatafuta nini?" Mama aliuliza huku akimwangalia kwa jicho la wasiwasi.

"Shuleni tumefundishwa kupima macho. Nafanya mazoezi."

Mama alisoma herufi kubwa za juu. Za katikati alizisoma akikunja uso. Alipofika mstari wa sita, uso ukakunjuka. "T, P, O, F, L, D," alisema haraka, kwa maringo kidogo.

Baba, aliyekuwa akikaanga mayai, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Aliitazama karatasi, kisha akamtazama mkewe.

"Mama," Askari Kanzu alisema, "mstari wa sita nimechora samaki."

Mama aliusogelea mlango mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akawagusa wale samaki kwa kidole, mmoja mmoja. Kisha akaketi.

"Unanipeleleza mimi, mama yako?" Sauti yake ilikuwa ya hasira, lakini haikudumu. "Wakijua nahitaji miwani, leseni wataichukua. Bosi wangu wa zamani, naye nahodha, alienda kupimwa na miwani usoni, akarudi mikono mitupu. Tangu hapo manahodha tunapeana zile herufi. Na mimi wakininyima, watasema walijua tangu mwanzo kuwa mwanamke haiwezi kazi hii."

"Na mtumbwi wa leo je?"

Mama aliigeukia tena ile karatasi ya samaki.

"Mimi napanda boti hiyo kila siku," Askari Kanzu alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa najiona salama kuliko abiria wote kwa sababu nahodha ni mama yangu."

Mayai yaliungua jikoni na hakuna aliyeinuka. Mama alichukua simu, akampa mumewe. "Mpigie msimamizi wa gati. Mwambie kesho atafute nahodha mwingine. Siendeshi mpaka nimwambie daktari ukweli."

Chumba cha daktari wa macho kilikuwa kidogo, Askari Kanzu akabanana na mama yake kwenye benchi, na ubao ulitundikwa palepale Kipara aliposema. Daktari akaelekeza fimbo kwenye mstari wa sita. Mama alikaza mikono magotini.

"Huo usinipime nao, daktari. Nimeukariri. Karibu manahodha wote wa gati letu wameukariri."

Daktari alishusha fimbo. "Ndiyo maana," akasema polepole. "Nilikuwa nashangaa watu wa umri ule wanaonaje vizuri kunishinda mimi." Naye mwenyewe alivaa miwani nene. "Na kwa nini mnajisumbua hivyo?"

"Ukivaa miwani leseni inachukuliwa."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu gatini."

"Na wao nani kawaambia?"

Mama alifikiri. "Tumeambiana wenyewe, tangu bosi wangu wa zamani alipokosa leseni," akasema.

"Bosi wako huenda alikuwa na ugonjwa mwingine. Miwani peke yake haimnyimi mtu leseni. Inaandikwa tu kwamba nahodha aivae kila akiwa kazini, na awe na ya akiba botini."

"Una uhakika?" Askari Kanzu alidakia. "Hutuchezei?"

Mama alimfinya, lakini daktari alicheka. Akampigia simu ofisa wa leseni pale pale, akaweka sauti ya juu ili msichana asikie mwenyewe. Kisha akatoa ubao mwingine kabatini, akampima Mama upya, akajaribu kioo hiki na kile mpaka kila herufi ikasomeka.

Miwani ilipokuwa tayari, leseni iliongezewa muda. Lakini Kipara alimngoja Mama kwenye gati, amevimba kwa hasira, maana daktari alikuwa amebadilisha ubao na zamu yake Kipara ya kupimwa ilikuwa karibu.

"Umetuuza," alisema.

"Panda, tuvuke wote," Mama alimjibu.

Alipanda, akasimama kando ya usukani bila kusalimia mtu. Walipokaribia ng'ambo Mama alimwuliza, "Yule pale gatini ni nani?"

Kipara alikunja macho. "Mwanamke fulani."

"Ni mkeo. Anakupungia mkono tangu muda mrefu."

Kipara aligeukia gati. Kisha aliinua mkono akapunga, lakini aliupunga kwa mtu mwingine, mchuuzi aliyesimama mbali kabisa na mkewe. Askari Kanzu aliona, na kwa mara ya kwanza hakutamani kumuumbua mtu.

Mama hakucheka. "Macho yakichoka si aibu, kaka," alisema, akimtazama pia binti yake. "Ningekwenda kupimwa mapema ningetibiwa mapema. Aibu ni kuwachukua watu waliotuamini, wakiwemo watoto wetu, huku tunajua njia hatuioni. Nilimdanganya daktari nikidhani nailinda kazi yangu, nikakaribia kuua."

Boti iligusa gati. Baharia akarusha kamba. Kipara alimtazama mkewe akija mpaka uso wake ukaonekana vizuri, akashusha pumzi.

"Huyo daktari," aliuliza, "anafungua saa ngapi?"