Mafuta ya Mshale

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alikuwa na kazi moja ambayo haikuguswa na mtu mwingine: kumlisha Mshale. Jina hilo la Chapuchapu hakupewa na wazazi wake. Alibandikwa na shangazi yake, aliyeishi naye, na yeyote aliyemwona msichana huyo akinywa chai huku amesimama na kamba za viatu zikiburuta chini, hakuhitaji kuuliza lilitoka wapi.

Shangazi alifuga farasi wa mbio ndefu. Hizi si zile mbio za kuzunguka uwanja watu wakipiga vigelegele. Hizi ni mbio za kupanda vilima na kuvuka mito, kuanzia asubuhi hadi jua likiwa limekwisha kuinama, na farasi asiye na pumzi huishia njiani akivutwa kwa kamba kama mbuzi. Mshale, farasi jike mwenye rangi ya kahawia na doa jeupe kwenye paji la uso, alikuwa na moyo wa mbio hizo. Alichokosa ni mwili. Mbavu zake zilionekana moja moja, na kila alipofanya mazoezi alizidi kukonda.

"Kwa nini tusimwongezee shayiri?" Chapuchapu aliwahi kuuliza.

"Shayiri nyingi zitamchafua tumbo, tena zitamtia wazimu," Shangazi alimjibu. "Nafaka ni kama majani makavu jikoni. Zinawaka kwa kishindo, mara zimekwisha. Mafuta ni kuni ngumu, moto wake unakaa. Ila tumbo la farasi halikuzoea mafuta. Tutamwanzishia kijiko tu, tuongeze taratibu mpaka tufike vikombe viwili kwa siku. Kadiri mafuta yatakavyopanda, shayiri tutazipunguza."

Hapo ndipo alipomkabidhi dumu la mafuta ya soya na maagizo yake. Achanganye mafuta na pumba kwenye ndoo, amimine horini, asimame pale mpaka Mshale amalize. "Na akisusa, usimlazimishe wala usinifiche. Njoo uniambie, turudi nyuma kidogo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi ukimlisha vizuri, mbio za vijana utampanda wewe."

Chapuchapu aliruka juu kwa furaha hata farasi wote wakainua vichwa. Tangu siku hiyo hakuwaza jingine. Darasani alichora farasi pembezoni mwa daftari la hesabu, na rafiki yake Miwani, mtoto mwoga aliyekaa naye dawati moja, alichoka kusikia habari za Mshale.

Siku za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kijiko kililiwa. Lakini mafuta yalipofika nusu kikombe, Mshale alinusa hori, akakunja mdomo wa juu, akageukia ukutani. Chapuchapu akambembeleza. Akamkemea. Akamwonyesha kwa vitendo jinsi chakula kilivyo kitamu, akijilamba midomo mwenyewe. Mshale akamtazama kama anayemtazama mwehu. Muda wa shule ulikuwa unayoyoma.

Alijua alichotakiwa kufanya. Lakini kumwambia Shangazi ilikuwa ni kurudi nyuma, na kurudi nyuma ilikuwa ni kuchelewa, na mbio hazingemsubiri mtu. Kwa hiyo akazikomba zile pumba za mafuta, akazitupa nyuma ya lundo la samadi, akampa Mshale pumba kavu. Mshale akazila zote.

"Amemaliza?" Shangazi aliuliza kutoka dirisha la jikoni.

"Amemaliza!"

Wala sikusema uongo, alijiambia akikimbilia shule. Si amemaliza kweli? Kesho nitaanza upya.

Kesho haikufika. Kila asubuhi alipima mafuta kama alivyoagizwa, akaenda kuyamwaga nyuma ya samadi, na kila asubuhi dirisha la jikoni liliuliza, "Amemaliza?" naye akajibu vilevile. Mafuta yakapanda hadi kikombe kizima, kisha kikombe na nusu, na shayiri zikapunguzwa, jinsi ilivyopangwa. Jumamosi moja Miwani alikuja kumtembelea, akamkuta ameinamisha kikombe juu ya majani yaliyokuwa yameanza kunyauka.

"Mbona unamwaga?"

"Nyamaza wewe! Hayapendi."

"Si umwambie shangazi yako?"

"Nitamwambia. Mbona una haraka?" Chapuchapu alijibu, na Miwani, pamoja na woga wake wote, alishindwa kuzuia kicheko kumsikia huyo akimwambia mtu ana haraka.

Lakini Mshale hakuwa na la kumchekesha. Kwenye mazoezi ya kilima alianza kubaki nyuma. Shangazi aliupitisha mkono kwenye mbavu zake, akatikisa kichwa. "Ajabu. Anakula mafuta yote haya na bado anakonda. Sijawahi kuona." Chapuchapu alijifanya anafunga kamba za viatu. Usiku hakulala vizuri, lakini uongo ulikuwa umekwisha kuwa mrefu mno. Hakujua aushikie wapi ili auvunje.

Ikafika siku ya mtihani wa muhula. Watahiniwa walitakiwa wawahi shuleni kabla ya jua kuchomoza, kwa hiyo kazi ya kumlisha Mshale Shangazi akampa mtunza farasi, mzee mpole aliyeitwa na wote Mjomba Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake kitupu. "Leo ni vikombe viwili," Shangazi alimwambia. "Ameshazoea."

Chapuchapu alisikia maneno hayo akiwa mlangoni, begi begani. Alisimama. Ulimi ulikuwa tayari kusema, kabisa. Kisha akajifariji kwamba Mshale atasusa tu, kama kawaida yake, akatoka mbio.

Hakujua kwamba Mjomba Kofia aliwadekeza farasi kama wajukuu. Asingeweza kumpa Mshale chakula bila kukitia molasi kidogo ya kukoleza utamu.

Jioni, Chapuchapu na Miwani walipokata kona ya kuingia nyumbani, waliona gari la daktari wa mifugo limeegeshwa getini, mlango wake wazi. Chapuchapu aliliacha begi njiani akakimbia.

Mshale alikuwa amelala bandani, shingo imelowa jasho. Alijipiga tumbo kwa mguu, akageuza kichwa kuutazama ubavu wake, akaguna. Shangazi alikuwa amepiga magoti kichwani pake. Daktari, mama mwenye sauti nzito, alikuwa anamsikiliza tumbo kwa vipira vyake vya masikioni. Mjomba Kofia alisimama pembeni, na kofia yake alikuwa ameishika mkononi. Kichwa chake kilikuwa na upara mdogo katikati. Siku nyingine Chapuchapu angecheka.

"Anaharisha tangu asubuhi, na sasa maumivu," daktari alisema. "Amekula nini?"

"Cha kila siku. Pumba, shayiri kidogo, na mafuta," Shangazi alijibu.

"Mafuta kiasi gani?"

"Vikombe viwili. Lakini ameyazoea, Daktari. Tumempandisha taratibu, na kila siku anamaliza."

Daktari alikunja uso. "Basi si mafuta. Farasi aliyepandishwa taratibu hivyo hadhuriki ghafla. Ni ama majani yenye ukungu, ama utumbo umejipinda. Leo kalishwa na nani?"

Wote wakamgeukia Mjomba Kofia.

"Nilimpa nilichoambiwa," mzee alisema taratibu. "Nikatia molasi kidogo. Alilamba mpaka hori likang'aa."

"Na majani? Uliyakagua majani?" Sauti ya Shangazi ilikuwa kali kuliko Chapuchapu alivyowahi kuisikia. "Siku moja tu nakuachia farasi huyu! Siku moja!"

"Niliyakagua, mama."

"Basi kaa mbali na banda langu mpaka nijue ulichomlisha."

Mzee alivaa kofia yake, akatoka nje, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kati ya magoti. Miaka yote aliyofanya kazi pale hakuna aliyewahi kumfukuza bandani.

Daktari alisimama akajifuta mikono. "Nisikilize, mama. Kama utumbo umejipinda, ni lazima apasuliwe leo, na hospitali ya kumpasua iko mbali. Nikimwacha hapa atakufa. Lakini nikimpandisha lori katika hali hii na kumbe si utumbo, safari yenyewe inaweza kummaliza. Amua, na uamue sasa."

Shangazi alimtazama Mshale. "Ngoja niite lori," alisema, akaingiza mkono mfukoni kutafuta simu.

Miwani alimfinya Chapuchapu mkono. Chapuchapu aliona shule nzima ikimcheka, akaona mwingine amekaa juu ya tandiko la Mshale siku ya mbio. Kisha Mshale akaguna tena, na Chapuchapu akajikuta amesema.

"Shangazi, usipige simu!"

"Si wakati wake, Chapuchapu."

"Hakuwahi kuyazoea! Mafuta hakuyazoea! Nilikuwa nayamwaga." Machozi yakamtoka, akaumwaga mtama wote: nusu kikombe, kunuswa, kususa, nyuma ya samadi, amemaliza, amemaliza. "Leo ndiyo mara ya kwanza ameyala. Vikombe viwili vyote. Mjomba hana kosa. Ni mimi."

Shangazi aliutoa mkono mfukoni bila simu.

Daktari ndiye aliyemsogelea Chapuchapu kwanza. "Nitazame. Una hakika? Tangu ile nusu kikombe hakuonja tena?"

"Hata tone. Njoo uone majani yalivyokufa kule nyuma."

Miwani akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Mimi nilimwona."

Daktari aligeuka, akatazama tena kinyesi kilichokuwa kinateleza kwa mafuta, akainama, akasikiliza tumbo upande huu na upande ule kwa muda mrefu. "Utumbo unanguruma. Uliojipinda kwa kawaida hunyamaza," alisema hatimaye. "Hatumpakii lori, si sasa. Nitamchoma sindano ya maumivu. Mtembezeni polepole, maji apewe, nafaka na mafuta asiguse. Mimi siondoki hapa mpaka nione anakoelekea."

Walimwinua kwa taabu. Shangazi alishika hatamu upande mmoja, Chapuchapu upande wa pili, wakaanza kuzunguka uwanja mdogo wa mbele ya banda. Shangazi hakumsemesha. Hilo lilimuuma Chapuchapu kuliko makofi. Walizunguka, wakazunguka tena. Mshale alisimama kila mara akataka kulala, nao wakamsihi asilale. Kwa mara ya kwanza maishani, Chapuchapu alitembea hatua kwa hatua bila kutamani kufika popote.

Jua lilikuwa linazama Mshale alipojitikisa mwili mzima kuanzia masikio hadi mkia, kama aliyemwagiwa maji. Akanyoosha shingo, akachuma unyasi mmoja uliokuwa umeota kando ya ukuta. Akautafuna.

Daktari alimsikiliza tena, akacheka kidogo. "Huyu yuko salama. Mtoto huyu angenyamaza, sasa hivi tungekuwa njiani tunamuua kwa wema wetu."

Shangazi aliegemea shingo ya Mshale akalia bila kujificha. Alipomaliza alijifuta, akatoka hadi kwenye ile ndoo iliyopinduliwa, akasimama mbele ya mzee.

"Mjomba, nimekukosea. Tena nimekukosea mbele ya watu. Naomba unisamehe mbele yao pia."

"Ulikuwa na hofu, mama. Yamekwisha." Mzee alimgeukia Chapuchapu, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya farasi. "Na wewe je? Unamsubiri Mshale akuombee radhi?"

Chapuchapu akaja, akapiga magoti, akaomba radhi kwa sauti iliyokatikakatika. Mjomba Kofia alivua kofia yake akamvika, ikamfunika mpaka puani, na Miwani akacheka kwa mara ya kwanza jioni ile.

Baadaye, farasi akiwa amepumzika, Shangazi aliketi na mpwa wake juu ya marobota ya majani. "Mbio za vijana hutashiriki mwaka huu," alisema. "Wala Mshale haendi. Mwili wake hauko tayari."

"Ndiyo, Shangazi."

"Najua ulitaka ashinde. Lakini nisikilize. Mimi siishi ndani ya tumbo la farasi. Najua tu kile ninachoambiwa. Uliponiambia amemaliza, nilijenga juu ya neno lako: nikaongeza mafuta, nikapunguza shayiri, nikamkimbiza kilimani akiwa hana nguvu. Kila nilichofanya kilikuwa sahihi, na kila kimoja kilimdhuru. Nguvu ya farasi hujengwa polepole, na hujengwa kwa habari za kweli, hata zikiwa mbaya. Leo umesema kweli ikiwa imechelewa, na bado imemwokoa. Fikiria ingekuwaje ungeisema mapema."

Chapuchapu aliinamisha kichwa, kofia ikamwangukia tena usoni.

Mshale alipopona kabisa walianza upya, kijiko kimoja cha mafuta kwenye ndoo ya pumba. Safari hii Chapuchapu aliamka mapema zaidi, akaketi kando ya hori, kamba za viatu zimefungwa zote mbili. Mshale alinusa, akala, akasita, akala tena, kisha akainua kichwa na kuangalia nje.

"Amemaliza?" dirisha la jikoni liliuliza.

Chapuchapu alichungulia horini. Pembeni palikuwa na pumba zilizobaki, kiasi cha konzi. Angeweza kuzifagia kwa mkono mmoja.

"Hapana, Shangazi. Ameacha kidogo."

"Ahsante, mwanangu," Shangazi alisema. "Basi kesho hatuongezi."