Mkaguzi wa Adhuhuri

Kigae kilikuwa kimegeuka. Juu ya kisima cha uani, katika nyumba ya Dalenda mjini Kairuan, palikuwa na kigae kimoja cha maua ambacho marehemu baba yake alikipachika kichwa chini miguu juu, akakataa katakata kukibandua, na nyumba nzima ikakizoea. Siku hiyo, alipoamka usingizi wa mchana, Dalenda alikikuta kimekaa sawasawa. Saruji yake ilikuwa kavu na kuukuu, na pale uani palinuka nywele zilizoungua.

"Lotfi, umegusa kigae cha baba?"

"Mimi?" Mumewe alicheka. "Mke wangu, balbu ya jikoni yenyewe sijaibadilisha tangu Ramadhani."

Dalenda alikuwa mtu ambaye kosa likimpita mbele humwasha kama upupu. Tangu kampuni aliyoifanyia kazi ifungwe alikaa bila kazi, akawa anajipenyeza kwa wale wanaotunza mfumo endeshi wa kompyuta ulioandikwa kwa ushirika na watu wa mataifa mengi. Mlango wa wageni kule ni mdogo: kusahihisha tahajia ya maelezo ambayo waandishi huachiana katikati ya msimbo, yale maagizo yanayoiendesha kompyuta. Mashine huyaruka maelezo hayo, husomwa na watu tu.

"Yaani unafuta makosa kwenye maneno ambayo hata kompyuta haiyasomi?" Lotfi alimtania. "Si bora ungenishonea suruali?"

"Cheka tu. Haba na haba."

Kila kiraka, ndivyo wanavyoyaita marekebisho hayo, hubeba jina kamili la aliyekituma, na chini yake jina la aliyekikagua. Vya Dalenda vilikaguliwa na mtu aitwaye Nuktar. Hakumjua, alidhani Mturuki. Nuktar alijibu upesi, tena saa ileile ya jua kali ambapo mji mzima umelala, na hakupata kukataa kitu. Kisha siku moja akakawia. Dalenda, kwa uroho wa kutafuta sifa, akaliandika jina la Nuktar kwa mkono wake mwenyewe, chini ya lake, kabla mwenyewe hajakagua chochote. Kwa watu wa kazi ile, kufanya hivyo ni kumzulia mtu ushahidi, aibu tupu, lakini alijiambia kwamba Nuktar angekubali tu. Kiraka kikapokewa. Kesho yake ndipo kigae kilipogeuka.

Baada ya kigae, mlango wa chumbani ukaacha kulia. Bakuli lililovunjika ukingo likawa zima. Dalenda aliogopa, ndiyo, lakini tusidanganyane, kuna mahali moyoni alifurahi pia, mpaka zamu ilipomfikia Rim.

Rim, binti yao wa pekee, alikuwa na kithembe, na jicho lake la kushoto lilikuwa na makengeza. Akicheka lilikimbilia puani. Mama yake alizoea kulibusu jicho hilo kwanza, halafu lile jingine.

"Rim, njoo ule shorba."

"Sitaki, mama. Ahsante."

Kijiko cha supu kikamponyoka Dalenda. Siku zote ilikuwa "thitaki". Mtoto alimtazama kwa macho mawili yaliyonyooka, hayapepesi, na hakucheka.

"Mashallah," Lotfi alinong'ona. "Daktari alisema itachukua miaka."

"Lotfi, huyu si mwanangu."

"Nyamaza! Atakusikia."

Mchana wa siku iliyofuata, jua likiwa limeufunga mji na hata mbwa hasikiki, Dalenda aliamshwa na mlio wa vidole vikigonga herufi, akatoka polepole, miguu peku juu ya sakafu iliyokuwa baridi kuliko inavyopaswa kuwa kiangazi, harufu ile ya nywele ikizidi kumkaba kila alivyokaribia meza yake, akamkuta Rim, ambaye hajui hata alifu, amekaa mbele ya kompyuta huku mgongo umenyooka, anaandika bila kutazama, na mtoto akasema bila kugeuka, kwa sauti iliyotulia ya mtu mzima anayeipenda kazi yake: "Bado makosa ni mengi, mama. Wewe lala."

Walimwita Mabruka, shangazi yake Dalenda, mwanamke anayejua kuzungumza na wasioonekana. Akaja na chumvi, ubani na chetezo.

"Mwanangu, huyu hakuvunja mlango," alisema chini kwa chini. "Amekaribishwa. Ulimwita wewe?"

"Niliandika jina lake, shangazi. Chini ya langu."

"Lifute."

"Halifutiki." Dalenda alianza kulia. "Kule kilichopokewa hakifutwi. Naweza kuongeza juu yake tu, cha chini kinabaki. Kila mwenye nakala, dunia nzima, anacho."

Mabruka alikoleza makaa ya chetezo. "Basi tutajaribu," alisema, akatupa ubani ndani.

Alisoma dua, akafukiza vyumba vyote, akamwaga chumvi vizingitini. Rim alipiga ukelele mmoja, akaanguka, akalala. Harufu ikatoweka. Lotfi alipousukuma mlango ukalia kama zamani, na uani kigae kilikuwa kimerudi kichwa chini. Bakuli nalo likawa na pengo lake. Dalenda aliyabusu makosa yale moja moja kwa furaha.

Jioni Rim aliamka.

"Unataka shorba, roho yangu?"

"Thitaki," mtoto akasema, akacheka.

Lotfi alilia waziwazi. Dalenda alimkumbatia binti yake, akainama kulibusu lile jicho la kushoto kwanza, kama kawaida. Lilikuwa limenyooka. Lililokimbilia puani lilikuwa la kulia.

Mtoto alikuwa ameacha kucheka, anamtazama, anangoja kujua kama mama yake ameona.

Dalenda, ambaye maishani mwake hakuwahi kuliacha kosa lipite, alilibusu jicho la kulia.

"Vizuri, mwanangu," alisema. "Kila kitu kiko sawa."